Treni bila shofere: iko mutu amejificha ndani ao hapana? Beti ya Simba mbili

Wa_Kamalondo
Jambo bote. Niko na swali na iko makuta ndani yake, kwa hiyo mujibu muzuri. Jana jioni hapa Lubumbashi, ku salon ya kunyoa karibu na stade, mudogo mumoja alitoa telefone akatuonyesha video ya treni ya Dubai, eko amekaa mbele kabisa, kioo kubwa, njia inamukujia sawa vile eko naruka, na fasi ya shofere hakuna kitu. Hakuna kiti, hakuna mutu, paka batoto babili bameweka mikono ku kioo sawa vile bao njo banaendesha. Mimi nikasema ah, iko mutu amejificha, labda nyuma, labda chini, huwezi kuachia bantu mamia mu chuma inakimbia bila mutu. Mwenye kunyoa akashika upande wangu. Mudogo akakataa kabisa. Tukaweka beti, Simba mbili za kubwa, ile bia ya kwetu. Sasa benye kujua bya kweli baseme. Na musinitumie video, mega yangu iko ya kuhesabu.

MamaDeira
Mwanangu lipa bantu Simba yao 😂

Mimi nakwenda Dubai kununua bitu tangu mbele ya hiyo treni, bakati tulikuwa tunapanda paka taksi. Waliifungua tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 2009, saa tatu usiku na dakika 9 na sekunde 9, wale bantu banapenda namba kuliko bacheza loto. Na kweli hakuna shofere. Siye ba mama ba biashara tunalala Deira, mutaa ya Dubai, tunapandia Baniyas Square ku laini ya kijani, hiyo ilikuja 2011, tunashukia Union, tunabadilisha ya nyekundu njo inafika ku eropora (fasi ya ndege) Terminal 3.

Lakini mimi nakuambia kitu cha kushangaa pale siyo shofere, ni milango. Fasi ya kungojea imefungwa na ukuta ya kioo kutoka chini mpaka juu, klima inapiga, reli hauioni karibu hata kidogo. Treni inakuya, inasimama, mulango wake unakuwa sawasawa na mulango ya kioo, haikosee hata upana wa mukono, kisha yote mbili inafunguka pamoja. Siku ya kwanza mimi nilibakia nasimama naangalia mpaka ikaenda bila mimi.

Na bantu bamo, musidanganyike. Mume wangu siku moja aliingia mu wagon ya banamuke na batoto, hakuona mustari ya rangi ya waridi pale chini, dakika mbili tu mutu mwenye uniforme eko mbele yake, faini dirhamu 100. Kwa hiyo mutu wa kutoza faini yuko. Wa kuendesha njo hakuna.

Wa_Kamalondo
@MamaDeira mama asante lakini bado. Huyo mwenye uniforme labda njo shofere mwenyewe, anatembea tu ili tusimujue 😅

Kasapa_Poly
Mukubwa, ngoja nikusaidie, niko ku polytechnique, nasoma uhandisi. Treni zote duniani zinapangwa kwa kiwango cha kujiendesha, kutoka 0 mpaka 4. Ya 0 shofere anaangalia mwenyewe kila kitu sawa tramu mu barabara. Ya 1 shofere anaendesha lakini mashini inamuchunga, akipita taa nyekundu inamusimamisha. Ya 2 treni inaenda na kusimama yenyewe, shofere anabakia kwa kufunga milango na kuangalia mbele. Ya 3 hakuna shofere mbele ila kuna mufanyakazi ndani. Ya 4 hakuna mufanyakazi hata mumoja mwenye kulazimika kuwa ndani. Dubai iko ya 4. London wako na moja inaitwa Docklands Light Railway, tangu 1987, hiyo iko ya 3, mufanyakazi anatembea kati ya bantu, anafunga milango, anaangalia tiketi, na kukitokea shida anafungua kifuniko mbele na kuendesha kwa mukono.

Zile ndogo ndogo, nyingi zinapita juu ya nguzo za beton, zilianza ku eropora ya Tampa, Marekani, 1971. Kisha Morgantown 1975, Kobe kule Japani 1981, Lille Ufaransa 1983, Vancouver 1985, Miami 1986, Detroit 1987, Singapore Bukit Panjang 1999

Wa_Kamalondo
Mudogo hapa siyo ku interro 😂😂 pumua. Lakini hiyo ya London imenipa nguvu. Mutu anafungua kifuniko!!! Si nilisema amejificha

Kasapa_Poly
Beti yenu ilikuwa Dubai siyo London

Manseba_BelAir
Nyinyi munacheka, siye benye moto, ba taksi ya pikipiki, tunasoma huku tumbo linauma. Kila mwaka munaleta mashini ya kutoa mutu ku kazi. Robo ya roulage, ile mashini ya kuongoza magari mu barabara, ilianza Kinshasa 2013, ile ya aluminium, iko na panneau ya jua ku kichwa, ikazunguka ikageuza mikono, kisha hapa kwetu pia ikaletwa. Bantu basema polisi basi imeisha. Je imeisha? Polisi alisimama chini ya robo 😂 robo anasema pita, polisi anasema simama, wewe unamusikia nani? Unamusikia mwenye kiboko.

Sasa treni bila shofere ikikuja ku chaussée, ni nani atanipandia? Kutoka tunnel mpaka Bel-Air ni mukate wangu ule.

Mutoto_wa_Ruashi
Niko Lille kwa masomo, mwaka wa tatu sasa, naipanda kila asubuhi kwa hiyo nawaambia nilichokiona kwa macho. Inaitwa VAL. Herufi hizo mwanzo zilikuwa ni Villeneuve d'Ascq à Lille, yaani toka mtaa wa chuo mpaka mjini, kisha wakabadilisha maana ikawa gari jepesi la kujiendesha. Ni nyembamba mno, upana mita 2 na sentimita 6, mkikaa huku na huku magoti yanakaribia kuonana, mtu akiwa na begi ya mgongoni asubuhi wote tunamchukia. Na haina magurudumu ya chuma, ina matairi ya mpira kama Hiace, inatembea juu ya njia ya beton, pembeni kuna reli za kuiongoza isitoke. Kwa hiyo haipigi kelele kama njanja yetu (treni ya Lubumbashi), ni kama mtu anapumua puani.

Kitu kimoja ambacho huwezi kukijua kwa video. Kwa sababu hawalipi shofere kwa kila treni, wanaweza kutuma treni fupi fupi nyingi badala ya moja ndefu. Asubuhi ukikosa moja huna haja ya kukimbia, nyingine iko nyuma yake karibu hata dakika moja. Mimi mtoto wa Ruashi niliyezoea kungoja basi lijae mpaka convoyeur (kondakta) akae juu ya mapaja ya abiria, mwezi wa kwanza nilikuwa bado nakimbia. Watu wananiangalia. Treni hiyo, nayo hiyo, nakimbia nini?

Manseba, ndugu yangu, jibu lako liko hapo. Si kwamba watu walipoteza kazi, ni treni ziliongezeka. Lakini sikatai, hofu yako naielewa.

Manseba_BelAir
Unaielewa ukiwa Lille 😒

Kadutu_Juu
Naingia kutoka Bukavu, hodi. Siye huku tunataka kujua tu kama hiyo ya matairi inapanda mulima, sababu huku kwetu tambarare ni ziwa peke yake. Kutoka Kadutu kushuka ku Feu rouge, mvua ikinyesha, hata mbuzi inashuka kwa makalio. Mimi naona siye itufae teleferiki sawa ile ya La Paz, kule Bolivia, walifungua 2014, bantu banapita juu ya nyumba mu visanduku, hawavunje nyumba ya mutu isipokuwa fasi ya nguzo...

Wa_Kamalondo
Dada wa Bukavu karibu lakini teleferiki ufungue uzi yake, mimi hapa niko na Simba mbili mu hatari

Kadutu_Juu
Sawa sha, mubakie na tambarare yenu 😂

Muzee_Njanja
Wajukuu na watoto, nimesoma yote polepole. Mujukuu njo anaandika, mimi nasema, kwa hiyo makosa ni yake.

Nilifanya kazi ku njanja miaka 31. Kwanza kusafisha mashini, kisha kusaidia, kisha shofere wa lokomotive ya umeme, kwenda Likasi, Tenke, mpaka Kolwezi, ile njia yenye waya ya volti 25,000 ambayo Wabelgiji walianza kuiweka miaka ya 1950. Mimi niliikuta.

Munauliza nani anaendesha treni bila shofere. Mimi nawauliza kwanza, munazani mimi nilikuwa naendesha? Hata mu lokomotive yangu usukani haukuwemo. Reli njo inaongoza. Huwezi kukata kushoto ukimbie mutu, huwezi kupita mwenzako. Kazi yangu ilikuwa tatu: kukimbiza, kusimamisha, na kuangalia. Zile mbili za kwanza mashini inaweza, na inanipita mbali, kwa sababu haisinzie na haigombane na bibi yake asubuhi.

Chini ya muguu wangu kulikuwa pedali. Lazima uichezeshe kila mara. Ukikaa bila kuigusa, kengele inalia. Ukiendelea, breki inashika yenyewe. Waliiweka kwa ajili ya shofere mwenye kufa njiani, siye tuliita pedali ya maiti. Usiku mumoja mbele ya kufika Tenke nikasinzia. Kengele njo iliniamusha. Naangalia, chai ya termosi imemwagika yote ku mapaja na mimi sikuisikia, na mukono bado umeshika kikombe sawasawa. Kwa hiyo musifikiri ni leo mashini inaanza kuchunga mutu. Lokomotive ile ilikuwa haituamini tangu zamani, na ilikuwa na haki.

Ya tatu, kuangalia, njo iko ngumu. Nitarudi, mujukuu anasema vidole vinamuuma.

MamaDeira
Shikamoo muzee. Mujukuu umupatie fanta aendelee.

Kasapa_Poly
Muzee nakusalimu. Nikiongezea tu hapo ku kukimbiza na kusimamisha. Njia inakatwa vipande, Wafaransa wanasema kanto, na mu kanto moja inaingia treni moja tu. Hiyo iko tangu zamani hata kwetu. Mupya ni kwamba leo treni yenyewe inahesabu mizunguko ya magurudumu, inasoma alama zilizofungwa chini mu njia, inajua iko wapi karibu kabisa, inatuma kwa redio, na komputa inaambia ya nyuma unaweza kufika mpaka hapa, usipite. Kwa hiyo kanto inatembea pamoja na treni, haikae fasi moja tena, njo maana zinaweza kukaribiana. Na ishara ikipotea, treni haiendelee kubahatisha, inasimama. Ukikosa kujua, simama. Hiyo njo amri ya kwanza ya mashini zote hizo.

Wa_Kamalondo
Sasa kama amri ni kusimama, ajali haiwezi kutokea?

Kasapa_Poly
Zilitokea, na mbili ni za Japani kwenyewe. Osaka mwezi wa 10 mwaka 1993, ile treni ndogo ya juu ilifika ku stesheni ya mwisho haikusimama, ikagonga kizuizi, bantu zaidi ya 200 wakaumia. Kisha Yokohama tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 2019, laini inaitwa Kanazawa Seaside, treni iko ku stesheni ya kwanza Shin-Sugita, milango imefungwa, inatakiwa kuenda mbele, ikaenda nyuma 😳 Mita kama 25 hivi, ikagonga kizuizi, 14 wakaumia. Walipofungua wakakuta waya moja imekatika, ile yenye kuambia mota upande wa kuenda. Komputa ilisema geuka, waya haikufikisha neno, mota zikabakia na upande wa zamani. Komputa ya juu nayo ikafikiri bote basikia.

Manseba_BelAir
Unaona sasa!! Mimi moto yangu ikirudi nyuma nitajua

Wa_Kamalondo
Na mutu mwenye kujibu ni nani hapo? Njo swali langu ya kweli tangu jana, Simba ni kisingizio tu. Hapa basi ikigonga mutu, tunajua. Shofere anakimbia, convoyeur anakamatwa 😂 lakini angalau iko mutu wa kukimbia.

Muzee_Njanja
Nimerudi.

Wa Kamalondo, umeuliza vizuri. Wakati wangu, lokomotive ikipata shida mutu wa kwanza kuandikiwa barua ni shofere. Hata kama ni fundi aliyefunga breki vibaya, shofere alikuwa ndani, kwa hiyo yeye. Nilimuona mwenzangu akikatwa mushahara kwa gurudumu lililopasuka. Sasa hapo Yokohama, nani angeandikiwa? Mwenye kupitisha ile waya karibu na chuma mpaka ikasuguliwa. Mwenye kuchora komputa bila kuweka swali la pili, umesikia ao hujasikia. Mwenye kuangalia ku ekra, kioo ya komputa. Hawa wote ni watu. Shofere hakuondoka, alikatwa vipande akagawiwa, kipande hiki kwa fundi, kipande hiki kwa mwenye kuchora, kipande hiki kwa yule anakaa mu nyumba ya ekra akichunga treni nyingi kwa pamoja. Mimi nilichunga moja.

Turudi ku kuangalia. Mama wa Deira alishasema jibu bila kujua: ukuta ya kioo. Hawakumupa mashini macho, walifunga njia ili macho yasihitajike. Angalia zote ambazo kijana wa Kasapa ametaja. Ziko juu ya nguzo ao chini ya udongo, ao zimezungushiwa. Hakuna mahali mutu anakatiza. Hata kule Paris, laini ya 1 ambayo ni ya tangu 1900, walipotaka kutoa mashofere, kabla ya treni mupya kuanza kuingia 2011 waliweka kwanza mageti ku stesheni zote. Milango kwanza, mashini baadaye.

Sasa nyinyi muko Lubumbashi. Njanja ilifika hapa 1910, muji ulikua kuizunguka, na watu wa hapa wanaishi na reli sawa vile wengine wanaishi na barabara. Kwendeni asubuhi pale sokoni Njanja muangalie. Mama ametandika kitambaa chake na lengalenga, nyanya, vitunguu, karibu kabisa na reli. Mashini ikipiga honi anakunja pembe moja ya kitambaa, pembe moja tu, anajua sentimita ngapi zinatosha, wagon zinapita, anakunjua, anaendelea kubishana bei na yule yule. Nimepita hapo mara elfu. Nilikuwa nawajua kwa vitambaa vyao. Yule wa kitambaa cha njano alikuwa anakunja kwa kuchelewa, kila siku, na kila siku roho yangu ilikuwa inaruka.

Komputa ya Dubai ukiiweka pale itafanya nini? Itasimama. Mama akikunja itaenda mita mbili itasimama. Itafika Likasi Krismasi.

Mutoto_wa_Ruashi
Muzee umeniua na kitambaa cha njano 😭 mama yangu mdogo aliuza hapo.

Kasapa_Poly
Lakini muzee kuna njia zingine, siyo ukuta tu. Vancouver hawana milango ya kioo ku stesheni zao. Waliweka vitu vya kusikia pale chini mu njia, kitu kikianguka kutoka fasi ya kungojea, treni inasimama yenyewe. Na treni nyingi za aina hiyo ziko na baa mbele, chini pale karibu na reli, ikigusa kitu breki ya nguvu inashika.

Muzee_Njanja
Ikigusa.

Kasapa_Poly
Ndiyo ikigusa kitu tu, inasimama

Muzee_Njanja
Ikishagusa, mujukuu.

Kasapa_Poly
...sawa muzee nimeelewa

MamaDeira
😂😂😂😂

Manseba_BelAir
Muzee nakupatia course ya bure siku yoyote

Kadutu_Juu
Mimi naulizaga jambo moja tu, na siyo teleferiki. Umeme 🙂

Wa_Kamalondo
Tulikuwa tunangoja nani ataanza

Kasapa_Poly
Zote zinakula umeme kutoka reli ya pembeni, volti 750 hivi kwa nyingi, London ni hivyo, Dubai pia. Wanaingiza kutoka fasi mbalimbali ili moja ikikatika ingine ishike. Na betri ndani kwa taa na sauti na kufungua milango, siyo kwa kukimbiza. Umeme ikipotea kabisa unabakia juu ya nguzo, mita kadhaa kutoka chini, unangoja.

Wa_Kamalondo
Sasa nifikirie mimi, juu ya nguzo katikati ya Kamalondo na Kenya, mitaa yetu ya hapa, saa moja usiku, delestaji, umeme imekatwa, ndani giza, wagon hakuna mutu wa kuuliza, sauti ya mwanamuke inasema kwa Kifaransa mutulie. Na chini pale benye nyama ya kuchoma banapuliza moshi, bananiona. Mushikaki inanukia na mimi siwezi kushuka. Hapana.

Siye tumekaa miaka na waya kubwa yenye kutoka Inga mpaka Kolwezi tangu 1982, zaidi ya kilomita 1,700, inapita juu ya vijiji vyenye kutumia petroli ya taa. Umeme inapita, haishuke. Mimi nikiwa chini naweza kuwasha mushumaa nikalala. Nikiwa juu nafanya nini?

MamaDeira
Na muzigo. Hakuna mwenye kusema muzigo. Dubai mu ile treni ni valizi moja kubwa na moja ndogo, basi. Niliendaga na mifuko mitatu ya vitenge, kijana wa mulango akaniangalia kwa heshima kabisa, akasema mama hapana. Sikukasirika, kweli haingewezekana, pale ndani pamejaa na mimi niko na mifuko sawa magodoro. Nikalipa taksi. Sasa hapa kwetu mutu anapanda na makala ya kupikia, kuku, gunia ya unga, bidon tano, na mutoto ku mugongo. Treni ndogo ya bantu wamoja wamoja benye mikono mitupu, ni ya nani?

Mutoto_wa_Ruashi
Hiyo ni hoja kubwa kuliko ya umeme kwa maoni yangu. Hizi treni ndogo zinafaa sana mahali ambapo kuna kitu kikubwa pande zote mbili za kuwaleta na kuwachukua watu. Detroit ndio mfano mbaya. Walijenga mduara wa kilomita 4.7, stesheni 13, unazunguka mjini upande mmoja tu. Ilikusudiwa iwe ya kuwagawa mjini watu watakaoletwa na treni kubwa kutoka mitaa ya mbali. Treni kubwa haikujengwa. Ukabaki mduara peke yake unajizungukia. Ni sawa na kununua kijiko cha dhahabu, bukari (ugali) hakuna.

Singapore wao walifanya kinyume, treni kubwa ilitangulia, ndogo ikaja kuchukua watu mlangoni mwa magorofa yao. Na pale Bukit Panjang treni inapita karibu sana na nyumba, kwa hiyo ikifika hapo vioo vyake vinaingia ukungu vyenyewe ili abiria wasichungulie vyumbani mwa watu, ikipita vinakuwa safi tena. Hilo mimi lilinishangaza kuliko kutokuwepo kwa shofere.

Kadutu_Juu
Ngoja. Kioo kinafunga macho chenyewe??? Hiyo walete Bukavu hata bila treni

Manseba_BelAir
Hiyo ni uongo

Mutoto_wa_Ruashi
Si uongo ndugu.

Kasapa_Poly
Ni kweli. Na musisahau vipuri. Addis Ababa walifungua treni ya muji 2015, treni 41, na hiyo iko na mashofere kabisa, haiko ya kujiendesha. Miaka siyo mingi nyingi zikasimama kwa kukosa vipuri. Sasa fikirieni yenye komputa kila kona na milango ya kioo mia, mulango moja ukikataa kufunga treni haiende, laini yote inangoja mulango moja.

Wa_Kamalondo
Kwa hiyo muzee, maneno mafupi, hapa kwetu iwe ao isiwe?

Muzee_Njanja
Mimi siwezi kukataza mutoto kutamani. Nikipewa uwezo, ningeanza na ile reli iko tayari, gare yetu iko katikati ya muji, laini inapita karibu na bantu. Weka treni ya asubuhi na ya jioni ya bantu bakwenda na kurudi kazini, na shofere wake, na wagon moja ya mizigo kwa ajili ya mama wa Deira. Dakar wameanzisha treni yao ya muji tangu mwisho wa 2021, iko na mashofere, inajaa. Halafu polepole fungeni njia, jengeni mapito ya juu, mama wa kitambaa mumupatie soko lenye paa. Siku ile njia itakuwa imefungwa, hapo muje munitoe. Nitatoka mwenyewe.

Lakini kwanza nionyesheni mama wa kitambaa amekubali kuhama. Hapo njo kazi, siyo komputa.

Manseba_BelAir
Muzee na mimi mu hiyo plan yako niko wapi

Muzee_Njanja
Ku mulango wa gare, na kasketi mupya, unangoja bantu bashuke. Treni haifike ku mulango ya mutu.

Manseba_BelAir
Hapo sasa ✊🏾 hiyo treni ijengwe hata kesho

Wa_Kamalondo
Ripoti ya beti. Leo jioni nimewasomea yote ku salon, kutoka ya kwanza mpaka ya muzee, mwenye kunyoa amezima mashini asikie, mteja amebakia na kichwa nusu. Mudogo anasema ameshinda, hakuna mutu ndani. Mimi nasema mutu yuko, ila hakujificha mu treni, amekaa mu nyumba ya ekra, na kule London anatembea ndani kabisa na fungura mu mufuko. Mwenye kunyoa akafikiri, akasema beti ilikuwa Dubai na beti ilikuwa "ndani". Kwa hiyo nimelipa.

Nimelipa moja. Ya pili nimeizuia kwa sababu ya kifuniko cha London, mudogo anakataa, anataka muzee mwenyewe aamue.

Muzee_Njanja
Ya pili muilete hapa, mimi nitaichunga.